Mama Terry na Makopo Yaliyovaa Sweta

Nianze nikiwa nimekasirika, usije ukashangaa mbele ya safari. Juzi nilikuwa nje ya duka moja la Al-Hamra, hapa Jeddah, namngoja madam amalize kununua asichohitaji, dereva mwenzangu Reuben akanisogezea simu yake. "Hebu soma hapa, Nahashon." Nikasoma. Mtu ameandika historia ya vile visweta vya kuvalisha makopo ya soda ili baridi isitoke. Kasema kwa Kiingereza kizito kwamba asili yake ni mabedui wa jangwani, waliokuwa wakifunika vyombo vya maziwa kwa sufu ya ngamia. Chini ya maneno hayo kuna picha ya mwanamke aliyejifunika uso, ameketi juu ya zulia, anafuma.

Nikamrudishia simu yake haraka kabla sijaitupa. "Huyo bedui namjua," nikamwambia. "Anaitwa Jerioth. Kwao ni Ol Kalou, na ngamia hajawahi kumgusa."

Reuben alicheka mpaka akashika boneti ya gari. Mimi sikucheka hata kidogo.

Najua, najua. Huko Ulaya na Amerika watu wamevalisha vinywaji vyao sponji na mpira tangu zamani, na sina ugomvi nao. Popote penye jua na soda, mtu atakaa chini afikirie jambo lile lile. Mimi nasimulia vya Jeddah, vile vya kufumwa, vilivyoingia kwenye majumba ya wenye nazo vikawatoa akili. Hivyo vilianzia jikoni kwetu, na chanzo chake kilikuwa suruali yangu.

Jerioth alifika Jeddah mwaka wa 2013, ule wakati ambapo kila jumba la ghorofa la Nairobi lilikuwa na ofisi ya ajenti wa Saudi na foleni inayoshuka ngazi mpaka barabarani. Nyumbani alikuwa na mashine ya kufuma sweta za shule. Halafu shule zikaanza kununua sweta za kiwandani, ile mashine ikabaki ya kuwekea sufuria. Mume alikuwa ameenda Naivasha kutafuta kazi ya maua, akapata kazi na akapata na mke wa pili huko huko, akatulia. Basi Jerioth akamwacha binti yake Terry, mtoto wa miaka minne, kwa mama yake mzazi, akaja kufanya kazi ya ndani kwa Madam Nawal, kwenye nyumba ambayo mimi nilikuwa dereva.

Kabla hajapanda ndege alimwahidi Terry kitu kimoja. Siku ya kuingia darasa la kwanza, Januari ya 2016, mama mwenyewe ndiye atakayemshika mkono mpaka mlangoni mwa darasa. Watu wazima tunaahidi ovyo, lakini yule mtoto alilishika lile neno kwa meno. Kila simu ikipigwa, kabla hata ya salamu, unasikia sauti ndogo, "Mama, Januari imefika?" Jerioth anajibu, "Bado, mama, iko njiani." Kisha anakata simu, anaendelea kumenya vitunguu, na hakuna anayeweza kujua machozi yale ni ya kitunguu au ni ya nini.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mchache wa maneno, mwenye mikono isiyojua kukaa. Na wewe unazijua nyumba zetu za bara. Ingia sebule yoyote utakuta kila kitu kimevishwa kitambaa cha kufuma: viti, meza, televisheni, hata redio ina shumizi. Jerioth alikuja na ugonjwa huo pamoja na sindano yake ya kufumia kwenye begi. Mwaka haukuisha kabla hajavisha chupa ya chai, pipa la mchele, na mpini wa mkongojo wa Haja, mama mzazi wa bosi wetu, ambaye sisi tulimwita Mama Mkubwa. Madam alikuwa anapita anatikisa kichwa, anauliza jikoni kwake kumeingia baridi gani.

Sasa suruali yangu. Jeddah ni joto la chumvi. Ukitoa kopo la soda kwenye friji, hujalifungua limeshatoa jasho kukuzidi wewe. Pale kwenye gari, tundu la kuwekea kikombe madam alikuwa amelijaza chupa za manukato, kwa hiyo kopo langu nilikuwa nalibana katikati ya mapaja nikiendesha. Nikifika, nikishuka kumfungulia madam mlango mbele ya marafiki zake, suruali yangu ya kaki imeloa mahali pabaya kuliko pote.

Hakuna aliyeniambia kitu. Mambo kama hayo huku hayasemwi mdomoni. Ila siku moja Jerioth alitokea kwenye mlango wa jikoni na bilauri ya dawa nyeusi, harufu yake ikamtangulia, akaniita kwa jina la mwanangu.

"Baba Jeremy, Mama Mkubwa amekuonea huruma. Kunywa hii, asubuhi na jioni."

"Dawa ya nini?"

"Ya kibofu."

"Kibofu cha nani?"

"Mimi sijui, mimi nimetumwa. Anasema jambo hilo linawapata wanaume wengi, usione haya."

Niliinywa. Mtu mzima wa watu hakataliwi, na alikuwa ameikoroga kwa mkono wake mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba nilianza kwenda chooni kweli kweli, mpaka madam akalalamika kuwa kila akinitafuta mimi siko kwenye gari. Jerioth alipogundua tatizo lenyewe ni jasho la kopo, alicheka siku nzima, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tena kwa muda mrefu. Jioni yake alichukua sweta kuukuu ya Baba, ndivyo tulivyomwita bosi mume wa madam, rangi ya maruni, iliyokuwa imetupwa kwa matambara. Akaifumua. Akatoa nyuzi za njano kwenye kishada cha pazia lililong'olewa. Akafuma kitu kifupi, cha duara, chenye mistari miwili ya njano juu, na ndani akashonea ile sponji nyembamba inayokuja imefunika televisheni mpya.

"Haya, valisha mgonjwa wako," akaniambia.

Nilivalisha kopo. Lilikaa sawasawa, baridi ikabaki ndani, suruali ikabaki kavu, heshima yangu ikarudi. Huo ndio mwanzo wote. Hapakuwa na ngamia, hapakuwa na jangwa, palikuwa na dereva wa Nyamira na kibofu chake kisicho na kosa.

Madam aliiona ile sweta ya kopo baada ya siku chache, akinyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma. "Nahashon, hii nini?" Nikamweleza, nikiruka sehemu ya suruali. Akaishika, akaigeuza, akaipiga picha juu ya magoti yake na ile abaya yake ya hariri. Akaweka kwenye Instagramu. Tulipofika nyumbani simu yake ilikuwa inalia bila kupumua. Marafiki zake wote wanauliza: umetoa wapi, umetoa wapi, umetoa wapi.

Ukweli ni kwamba alikuwa ametoa katikati ya mapaja ya dereva wake. Yeye aliwaambia ametoa Milano.

Tangu hapo ikawa balaa. Madam Lamia anataka tano za waridi. Dada yake madam anataka zenye lulu. Mwingine anataka ya kikombe cha kahawa, mwingine ya chupa ya maji ya mtoto, mwingine hana hata desturi ya kunywa soda, daktari amemkataza, lakini anataka ya kuweka mezani wageni waione. Jerioth akawa anapika na sindano imechomekwa kwenye kilemba. Anadeki, anafuma. Anambembeleza mtoto wa mwisho alale, anafuma. Madam akatafuta jina la biashara, akachapisha kadi, akaanza kujiita mbunifu. Mimi nikawa msambazaji. Nilizunguka Al-Hamra yote na mifuko ya visweta, napiga kengele za majumba, nakabidhi walinzi, nao wananiuliza hivi kweli kopo linasikia baridi?

Na ile hadithi ya chanzo chake ikawa inakua. Milano haikudumu, maana mmoja wa marafiki alikwenda Milano akatafuta hakuona. Ndipo madam alipokumbuka ghafla kwamba ni urithi wa ukoo. Bibi mzaa bibi ya mumewe, kule jangwani, alikuwa anafunika maziwa kwa sufu. Haja alikuwa amekaa pale pale, anapata chai yake.

"Bibi yangu mimi?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Bibi yangu aliishi Jeddah mjini, nyumba ya ghorofa nne. Maziwa alikuwa analetewa mlangoni."

Madam akamjazia chai na kumwambia kwamba wazee husahau. Haja akaninong'oneza nilipompeleka kliniki kwamba uzee haujamfanya asahau nyumba aliyozaliwa, lakini nani amsikilize.

Mwanzo wa 2015 mkataba wa Jerioth uliisha. Hapo ndipo utani ulipokwisha pia. Pasipoti yake ilikuwa kwa madam, na bila kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, kukutolea ruhusa ya kutoka, huendi popote, hata uwe umefunga mzigo na kuaga. Jerioth akaenda kwa adabu zote, mikono mbele. "Madam, mkataba umeisha. Naomba kwenda nyumbani."

"Inshallah, baada ya maonyesho ya Riyadh."

Inshallah ni neno la Mungu, na mimi niliye Msabato naliitikia vizuri. Lakini madam alikuwa analitumia kujifichia. Baada ya maonyesho ya Riyadh, baada ya Ramadhani, baada ya Idi, baada ya harusi ya Lamia. Jerioth aliniambia pale kwenye mlango wa jikoni, anasokota uzi kidoleni mpaka kidole kinageuka cheupe, "Baba Jeremy, huyu hatanitoa. Angekuwa ananitaka kwa kudeki angenitoa, wa kudeki wako wengi. Mimi ndiye peke yangu nijuaye hiki kitu. Nitakaa hapa mpaka Terry amalize shule."

Nikamwambia usiseme hivyo. Na mimi mwenyewe likizo yangu ilikuwa imeshaahirishwa.

Maonyesho ya Riyadh sasa. Baba na madam walipanda ndege. Haja anaogopa ndege, kwa hiyo akaja kwa gari pamoja na Jerioth na maboksi ya visweta, mimi naendesha, siku nzima ya mchanga na malori. Kufika Riyadh nikagundua kichekesho cha kwanza: kule ni kukavu, kopo halitoi jasho hata uliache juani. Hakuna suruali ya mtu iliyowahi kuloa Riyadh. Bado wanawake walikuwa wamepanga foleni kuvinunua.

Maonyesho yalikuwa ya wanawake watupu, kwa hiyo mimi nilibaki nje na maboksi. Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na Jerioth mwenyewe. Madam alikuwa amepanga jambo. Alimvisha Jerioth gauni la kibedui lenye nakshi, akamfunika uso kwa kitambaa chenye sarafu, akamketisha kwenye zulia katikati ya mito, pembeni akawekewa jiko la makaa ya bandia lenye taa nyekundu. Kazi yake ni kufuma na kunyamaza. Bango limeandikwa: urithi hai.

Wanawake wanakuja, wanapiga picha. Mmoja akainama akamwuliza kwa Kiarabu, "Mama, wewe ni wa kabila gani?" Jerioth akaendelea kufuma kama alivyoagizwa. Madam akajibu kwa niaba yake kwamba huyu ni mwanamke wa jangwani kabisa, hasemi na wageni, ni mila yao. Yule mwanamke akashika moyo. Mwingine akauliza ile mistari miwili ya njano ina maana gani. Madam akasema ni njia mbili za misafara, ya kwenda na ya kurudi.

Astaghafiru, kama wanavyosema wenzetu. Mistari ile ilikuwa ya sweta ya shule! Jerioth hakujua kufuma mkono wa kitu chochote bila kuweka mistari miwili juu. Miaka yote alikuwa amefuma hivyo, maruni na njano, shule ya msingi ya kijijini kwao, shule ile ile aliyokuwa anaingia Terry.

Na kuna mtu aliijua. Mmoja wa wale mabibi alikuwa amekuja na mfanyakazi wake wa kubeba mtoto, dada wa Kikenya anaitwa Roselyne. Roselyne akasimama mbele ya urithi hai, akatazama mikono, akatazama mistari, akainama kama anayemfunga mtoto kiatu.

"We mama," akasema kwa Kiswahili, chini chini. "Hiyo si mkono wa sweta ya shule?"

Chini ya zile sarafu, Jerioth akajibu, "Nyamaza, mimi ni bedui."

Roselyne alilazimika kumbana mtoto wa watu ili kicheko kisitoke.

Ilipofika saa ya swala biashara ikasimama, mabibi wakaondoka ukumbini, wafanyakazi wakaambiwa wangoje kwenye korido ya nyuma. Korido nzima ni wanawake wetu: Wakenya, Waganda, Waethiopia, Wafilipino, kila mmoja na mkoba wa bibi yake begani. Roselyne akamwambia Jerioth, "Nionyeshe hicho kitu, madam wangu ananisumbua." Na hapo Jerioth akafanya jambo ambalo madam hakuwahi kulifikiria, kwa sababu madam hakuwahi kufikiria kwamba bedui wake ana kichwa. Aliketi sakafuni, akavua kile kitambaa cha uso, akatoa nyuzi zote za akiba, akafundisha korido nzima. Hapa unaanza hivi. Hapa unazunguka. Hapa unapunguza ili kitako cha kopo kikae. Sponji utaipata kwenye boksi la televisheni, usinunue.

Aliponisimulia nilimfokea. "Mama Terry, umeitoa bure! Kitu chako mwenyewe!"

"Baba Jeremy," akaniambia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatabasamu tangu mwaka uanze, "huyu madam anapenda vitu ambavyo wengine hawana. Wakiwa nacho wote, atakitaka cha nini? Na mimi atanitaka wa nini?"

Nilirudi Jeddah nikiendesha taratibu, Haja anakoroma nyuma, na mimi moyoni naomba Mungu awape wale dada wa korido vidole vyepesi.

Akawapa. Ee, akawapa kweli! Kabla Ramadhani haijaisha, kila jumba Riyadh lilikuwa na visweta vyake. Likafuata Jeddah. Kila mfanyakazi alimfundisha wa jirani juu ya ukuta wa uani. Wafilipino wakaweka masikio ya paka. Waethiopia wakaweka misalaba midogo ndani, mahali pasipoonekana. Halafu wafanyabiashara wakanusa. Jamaa zetu wanaobeba mizigo kwenye maghala ya Al-Sulay, kule Riyadh, wakaanza kutuma picha: makontena yamefunguliwa, visweta vya mashine kutoka nje vimejaa mpaka paa. Maduka ya soko la Al-Dirah, huko huko Riyadh, yakavining'iniza mlangoni pamoja na soksi na chaja za simu. Vibarua wa barabara wakawa navyo. Mtu anachimba mtaro, soda yake imevaa vizuri kumzidi.

Madam alistahimili kidogo. Akajaribu za hariri, akajaribu zenye jina lake. Lakini siku moja ya Novemba tulisimama kwenye taa, na pembeni yetu likasimama lori la maji machafu. Dereva wake, mzee mwenye ndevu nyekundu, akanyanyua kopo, na kopo lilikuwa limevaa maruni yenye mistari miwili ya njano. Madam akalitazama. Yule mzee, mtu wa watu, akamwonyesha kopo kwa heshima, kama kusema, na wewe unavyo?

"Yalla, twende," madam akasema.

"Madam, taa bado nyekundu."

"Twende!"

Jioni hiyo hiyo visweta vyote viliondoka mezani. Kadi za biashara zikatupwa. Jerioth akasimama mlangoni mwa sebule, mikono mbele, akaomba tena. Madam hata hakumtazama. "Halas. Aende. Sitaki kuona uzi humu ndani." Baba akatoa ruhusa kwa simu yake siku ile, kwa kidole kimoja, bila kuacha kutazama mpira. Jambo ambalo mwanamke alililia mwaka mzima lilichukua muda wa mtu kupiga chafya. Nilitamani kumtukana mtu, sikujua nimwanze nani.

Kwa tikiti walivuta vuta mpaka mwisho wa Desemba. Terry alikuwa anapiga simu asubuhi na jioni. Sasa hakuuliza tena kama Januari imefika, aliuliza, "Umefika wapi?" kana kwamba mama yake anatembea kwa miguu.

Siku yenyewe nilimpeleka uwanja wa ndege mimi. Haja alimkumbatia mlangoni na kumpa kitenge cha mtoto na dawa ya kibofu ya njiani. Tulifika mapema mno, Jerioth alikuwa na wasiwasi. Nikamshushia begi, tukasimama mbele ya milango ya kioo, ananipa maagizo ya kumwangalia Mama Mkubwa asile chumvi. Simu yangu ikalia. Madam.

"Nahashon, uko wapi?"

"Uwanja wa ndege, madam."

"Mrudishe. Yalla, geuza gari umrudishe."

"Nani, madam?"

"Jerioth! Kuna hoteli kubwa Riyadh, wamenipigia sasa hivi. Wanataka visweta vya vyumba vyote. Hawataki vya mashine, vya mashine viko kila mahali, wanataka vya mkono, vya yule mwanamke wa kwenye zulia. Wameona picha yake." Alikuwa anahema. "Ameshapita kwa watu wa pasipoti? Ameshagongewa muhuri?"

"Kwa nini, madam?"

"Kama bado, Baba anafuta ruhusa sasa hivi. Amekaa hapa, simu iko mkononi. Niambie, amepita au hajapita?"

Jerioth alikuwa mbele yangu, ningeweza kumgusa. Ameshika pasipoti yake aliyorudishiwa asubuhi ile, ameifungua, anaitazama picha yake mwenyewe kama aliyekutana na mtu wa kwao. Mimi ni mzee wa kanisa, niliwahi kufundisha watoto amri zote kumi na nikawachapa walioruka ya tisa, ile ya kutosema uongo. Kazi yangu, ikama yangu ya kuishi nchini humu, likizo yangu, vyote viko kwa watu hawa.

"Ameshapita, madam," nikasema. "Nimeuona mgongo wake."

"Una hakika?"

"Halas, madam. Mlango umefungwa."

Akasema neno la Kiarabu ambalo sitaliandika, akakata.

"Ni nani?" Jerioth akauliza. "Ni madam? Anasemaje?"

"Anakutakia safari njema," nikamwambia. "Anasema Mungu akutangulie, na umsalimie Terry."

Basi akaanza kulia. Alilia pale pale mbele ya watu, machozi yanaingia mdomoni. "Na mimi nilikuwa namfikiria vibaya! Mwaka mzima namnung'unikia mwanamke wa watu, kumbe ana moyo. Kumbe hata jina la Terry analijua." Akafuta uso, akaingiza mkono kwenye mkoba. "Ngoja nimpigie nimshukuru."

"Usipige!"

"Dakika moja tu, Baba Jeremy."

"Mafi simu, hakuna simu! Weka hiyo simu! Ingia ndani!" Nilimpokonya begi nikalikimbiza mpaka kwenye mashine ya ukaguzi, nikalitupa juu ya mkanda, askari akanikodolea macho. Jerioth alilazimika kulifuata begi lake. Aligeuka mara moja akanitazama kwa uchungu, mtu niliyekula naye jiko moja, namfukuza kama mwizi siku ya kuagana. Kisha akapita, na nikasimama pale mpaka walipoita ndege yake, na bado nikasimama.

Terry aliingia darasa la kwanza na mama yake kamshika mkono. Nilitumiwa picha, wote wawili wamefumba macho kwa jua. Hoteli ilinunua vya mashine, hakuna mgeni aliyejua tofauti.

Jerioth hunipigia mpaka leo. Kila Krismasi huniambia nimpe madam salamu, kwamba anamwombea kwa jina kila Jumapili, kwa wema aliomfanyia siku ile uwanja wa ndege. Mimi humjibu kwamba madam ameshukuru na anamsalimu sana. Mwaka jana nilijaribu kuzifikisha kweli zile salamu. Madam alifikiri kidogo, akaniuliza, "Jerioth yupi? Yule wa Ethiopia?"